Asante, dada wa utrasaundi

Dada wa chumba cha utrasaundi, jina lako hatulijui, ila asante sana. Kabla ya wiki ya 14 ya ujauzito unakataa kutaja jinsia ya mtoto, kwa kuwa viungo vya mvulana na msichana bado vinafanana. Unawaambia wazazi warudi wiki ya 18 hadi 22. Mtoto akibana miguu, au kamba ya kitovu ikipita katikati na kuonekana kama uume, hukisii. Mama anageukia ubavu, anatembea kidogo, unatazama upya. Kisha kidole chako kwenye kioo: mistari mitatu midogo, msichana. Na bado unasisitiza majina mawili yaandaliwe, au moja linalofaa mvulana na msichana, kama Amani. Mungu akubariki, dada.