Wewe ni Bin Haji

Tanga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Pasi ya huko Athens imekuandika Chatzioglou, cheti chako cha kuzaliwa kinasema Hadjioglou, binamu zako wa Melbourne ni Hatzioglou. Sasa unataka wakili akubadilishie uwe Chatzidis, “lisikike Kigiriki.” Ngoja kwanza.

Herufi ya mwanzo ni ile kh ya Khamisi. Kila karani aliiandika alivyosikia, na mmoja wa hapa kwetu akachomeka na r katikati. Tulihangaika miaka mitatu kuitoa.

Neno lenyewe ni haji, huyu huyu unayemjua. Waturuki walilitoa kwa Waarabu, na Wakristo waliotawaliwa nao wakalichukua pia: aliyehiji Yerusalemu akajitosa Mto Yordani alirudi kwao ni Hatzi. Oglou ni Kituruki, maana yake mtoto wa. Basi wewe ni Bin Haji, na Kigiriki hakimo hata chembe!

Babu yako lilikuwa likimchekesha hilo. Kwao Anatolia, Uturuki ya leo, walisali Kigiriki, wakagombana Kituruki. Mkataba wa Lausanne wa Januari 1923 ukagawa watu kwa dini, lugha haikuulizwa: Wakristo zaidi ya milioni moja wakahesabiwa wa Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki wakapelekwa Uturuki. Babu yako alipofika Ugiriki, bado mtoto, wenyeji wakawaita “mbegu za Waturuki.” Ndipo wengi walipokata -oglou wakabandika -idis ya Kigiriki.

Yeye alipokua alipanda meli na jina lake zima, akaja Tanga kwenye mkonge, ambako Wagiriki walikuwapo tangu enzi za Mjerumani. Manamba waliposikia jina wakamwita Bwana Haji. Ramadhani moja wakamletea kikapu cha tende za kufuturu. Mzee akazila saa saba mchana, barazani, mbegu anatemea uani, bibi yako anamvuta shati aingie ndani.

Mkonge ulipotaifishwa mwaka 1967, ndugu zake walifunga mizigo, huyu Athens, huyu Melbourne. Yeye alibaki. Bibi yako, Mbondei wa Muheza, alisema baridi haitaki, yakaishia hapo.

Pesa ya wakili situmi. Niliyotuma jana ni ya koti.

Baba