Mti wa Amani, Mjerumani tusimtwike peke yake

Ndugu mhariri, nimesoma barua ya msomaji wenu anayesema miti ya kigeni inayotusumbua Usambara Mashariki ni kosa la Mjerumani yote, nikacheka, maana mimi nimezaliwa huku juu ya Muheza na mesopsisi, mti mmojawapo wa hiyo ya kigeni, nimeukuta.

Kuuleta kweli waliuleta wao. Ile taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, pale Amani huku Usambara, waliianzisha 1902, serikali yao ilikuwa na hesabu zake, ipate kwinini, mpira na mbao kutoka koloni lake yenyewe, basi wataalamu wakawa wanaagiza mbegu Asia, Amerika, popote, wanapanda wanaangalia kipi kitashika. Ila mesopsisi hata bahari haukuvuka, kwao ni Bukoba na Uganda huko, na jina lake la kitaalamu limebeba la Emin Pasha, yule msafiri wa Kijerumani aliyeweka boma Bukoba 1890. Stuhlmann, Mjerumani mwenzake aliyekuwa naye kwenye msafara ule, ndo akaja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Amani, yani dunia ndogo.

Sasa sikiliza. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaja kaondoka, ndo idara yetu wenyewe ya misitu ikaupanda Kwamkoro, jirani na Amani, shamba zima kwa vile unakua haraka, halafu miaka ya 70 na 80 magogo yakavunwa msituni kwa mashine mapengo yakabaki wazi. Mti huu chini ya kivuli hauna ujanja, ila upe pengo lenye jua uone. Tunda likiiva linakuwa jeusi, hondohondo wanakuja alfajiri na makelele yao wanameza, mbegu wanaenda kuidondosha mbali huko ndani ya msitu. Kwenye iliki za shangazi yangu kila baada ya masika tunang'oa miche yake kama magugu, na hakuna mtu aliyewahi kuipanda pale.

Bustani ya Amani mpaka leo unakuta miti ina vibao, unasoma jina. Mwaka jana kijijini tuligawiwa miche, viriba lori zima, nikamuuliza kijana aliyekuwa anashusha huu mti gani na umetoka wapi, akanijibu "wa kivuli huo mzee, we panda tu". Vyangu viko nyuma ya choo mpaka sasa, namwagilia ila sijavipanda.

Msomaji wenu, Muheza