Barua kwa Baba Amani

Leeds, Uingereza

Baba Amani, rafiki yangu,

Salamu nyingi, wewe na mama watoto. Sisi hatujambo, ila baridi.

Habari ya kocha kumwambia Amani kuwa ni mfupi mno kwa raga imeniuma. Kijana wa miaka 12 anarudi nyumbani analia! Nakuomba ukae naye, umsomee haya.

Mji huu ulikuwa na mchezaji aliyeitwa Rob Burrow. Urefu wake ulikuwa sentimita 165. Alicheza raga ya ligi, ile ya watu 13 kila upande: ukiangushwa unainuka, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, na mkishaangushwa mara sita unakuwa wa wapinzani. Ni kugongana mwanzo mwisho, na wanaokukaba wengi wana kilo mia. Burrow alidumu humo kuanzia 2001 hadi 2017, timu moja tu, Leeds Rhinos, zaidi ya mechi 490. Ubingwa wa Super League, ligi kuu ya raga hiyo hapa Uingereza, aliutwaa mara 8.

Wazee ninaofanya nao kazi hawachoki kuisimulia fainali ya 2011 dhidi ya St Helens. Burrow aliokota mpira nyuma ya mwenzake aliyeangushwa, akainama, akapita chini ya mikono yao, halafu mbio hadi kwenye mstari wa kufungia. Mtu mrefu mpaka ainame, yeye keshapita! Leeds walishinda 32 kwa 16, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali kwa kura zote.

Desemba 2019, miaka miwili tu baada ya kustaafu, aliambiwa ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Miguu ile ikaisha nguvu, sauti ikapotea. Nahodha wake wa zamani, Kevin Sinfield, akakimbia marathoni 7 kwa siku 7 kuchangisha fedha za kupambana na ugonjwa huo. Mei 2023 nilikuwa uwanjani Headingley, Sinfield akimsukuma Burrow kwenye kiti cha magurudumu kilomita zote 42. Hatua chache kabla ya kumaliza alisimama, akambeba mikononi, wakavuka mstari pamoja. Nililia, Baba Amani, na walionizunguka walikuwa wanalia. Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, ana miaka 41.

Sasa nenda ukaongee na kocha kwa upole. Mwombe amjaribu Amani jezi namba 9, ambayo kwenye raga ya watu 15 ni ya yule anayetoa mpira kwenye skramu, pale wachezaji wanapoinama na kusukumana. Pale wafupi wengi wametamba. Na jioni Amani amkimbize yule mbwa wenu, maana mbio anazo.

Nataka kumtumia jezi ya Rhinos, ya bluu na manjano, namba 7 ya Burrow. Mpime mabega na kifua uniandikie, nami nitaiagiza ya kumtosha hivyohivyo alivyo.

Rafiki yako wa dawati moja