Teremka kwa gia uliyopandia

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila mvua imetufungia ndani. Mamaako kaniambia unataka kuipandisha Lushoto ile Peugeot 504 ya marehemu ami yako. Sikukatazi. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kabla yake 404 ilimpa ushindi Bert Shankland, dereva wa Tanzania, mwaka 1966 na 1967. Ami yako alikuwa akianza hadithi hizo, chai inapoa mezani.

Lakini gari imezeekea Wete, na vilima vyetu vya huku unavimaliza injini haijapata hata joto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona tupu, na unapanda karibu mita 1,000.

Kupanda kwenyewe hakunipi wasiwasi. Huko juu hewa nyepesi na kabureta inamimina petroli ileile, kwa hiyo utaona moshi mweusi na gari itakuwa nzito. Huo si ugonjwa. Punguza gia uende taratibu. Mshale wa joto ukipanda, simama Soni utazame maporomoko, injini ipoe. Kifuniko cha rejeta usikiguse ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni.

Kinachoninyima usingizi ni kurudi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na gari hiyo imekaa miaka na hewa ya bahari. Ukishuka umekanyaga breki njia nzima, joto litauchemsha ule unyevu ugeuke mvuke, na pedali itazama mpaka chini gari isishike. Basi kabla hujatoka Tanga, fundi amwage mafuta yote, atie mapya na atoe upepo uliomo kwenye breki za magurudumu yote manne. Akikwambia ataongezea tu, mwambie hapana. Simama hapohapo umtazame: ya zamani yatatoka meusi kama kahawa ya Darajani, usimwachie mpaka yaje meupe.

Na kushuka, shika gia ileile uliyopandia. Injini ikinguruma iache ingurume. Wapo madereva wanaotia nyutro mteremkoni kuokoa petroli na wanajisifia. Mimi gari zao sizipandi.

Mamaako anataka mapeasi. Yatie kwenye buti, usiyaweke kiti cha nyuma. Ami yako hakuwa akikubali mtu ale hata ndizi mle ndani.

Babaako