Harambee ya wagonjwa wetu wa moyo: safari hii na upande wa kulia upimwe

Mbukwenyi! Bwana Yesu asifiwe, na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleykum. Naandika kwa niaba ya kamati ya afya ya usharika wetu hapa Dodoma, mimi ndo katibu, na naomba hii meseji usiipite haraka hata kama ni ndefu, isome ukishakaa.

Tunaomba hela. Tunatafuta shilingi 4,500,000 ili wagonjwa wetu 14 wa moyo wapimwe eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, mara 2 ndani ya mwaka, wale wasio na bima wanaotoka hapa mjini, Chamwino, Mvumi hadi Bahi, na eko hiyo iangalie moyo mzima, sio upande wa kushoto peke yake. Mpaka Jumapili iliyopita mhazini alikuwa na 1,180,000, kwahiyo bado 3,320,000.

Kuna watu kwenye kikao waliniuliza we mama mbona umeng'ang'ania upande wa kulia, moyo si moyo tu. Nitawaeleza kilichonipata, maana nisingejua haya yote kama yasingeingia nyumbani kwetu.

Binti wa kaka yangu anaimba soprano kwaya ya vijana, ana miaka 22. Mwaka juzi alianza kuchoka bila sababu, ndoo ya maji kutoka bombani mpaka nyumbani anaitua mara tatu njiani, sisi tukasema labda ni damu pungufu. Alafu ikaja miguu. Jioni akivua kandambili unakuta alama ya mikanda imezama kwenye nyama, ukibonyeza kwa dole gumba kinabaki kishimo, unaweza ukaenda kuinjika maji ya ugali ukarudi bado kipo. Tumbo nalo likaanza kujaa, kanga ikawa haifungi vizuri. Zahanati ya kwanza walimpa dawa za minyoo, kwingine wakasema vidonda vya tumbo, kwingine figo, na majirani walisema mengine ambayo siyaandiki hapa kwasababu yaliumiza sana mama yake. Miezi minne ikapita hivyo.

Mwisho tukapata pesa akapimwa eko, sitaji wapi. Majibu yakaja EF 60, tukaambiwa moyo unasukuma vizuri hauna shida. Jamani tulifurahi! Kaka yangu alileta mbuzi madhabahuni Jumapili ile kushukuru, na mimi mwenyewe nilisimama nikatoa ushuhuda. Binti akawa anazidi kuvimba.

Aliyetuamsha ni mwalimu wa kwaya. Siku ya mazoezi yule binti amekaa wima kabisa kwenye benchi, anasubiri zamu ya sauti ya kwanza, mwalimu akaona mshipa wa shingo umesimama unacheza cheza mpaka karibu na ndewe ya sikio, na mtoto haimbi, amenyamaza tu. Yeye sio daktari, ila alinifuata nje akaniambia mama, hili sio tumbo.

Tukaenda kwa daktari mwingine. Huyu hakukimbilia mashine, alimlaza kitanda kikiwa kimeinuliwa kichwani, akamgeuza uso upande wa kushoto, akamulika shingo kwa tochi ya simu, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia akabonyeza polepole bila kuachia, na mimi nikaona kwa macho yangu ule mshipa unapanda juu ya shingo na kubaki hukohuko. Akasema maini yamejaa damu, na yamejaa kwasababu moyo upande wa kulia umeelemewa, damu inayorudi kutoka mwilini haina pa kwenda.

Nikamuuliza, na ile EF 60? Hapo ndo nikajifunza. EF ni kipimo cha upande wa kushoto, kinaonyesha kwenye damu iliyojaa chumba cha chini cha kushoto ni asilimia ngapi inatoka kila pigo, na 60 ni namba nzuri kweli, haikuwa ya uongo. Ila shida ya binti yetu ilikuwa ni mlango unaoingia kwenye hicho chumba, valvu ya maitro, ulikuwa umekakamaa na kubana. Ukishabana damu inarundikana nyuma kwenye mapafu, presha ya mapafu inapanda, na anayetakiwa kusukuma damu iingie kwenye hayo mapafu ni chumba cha kulia. Chumba cha kulia ukuta wake ni mwembamba, kimeumbwa kwa kazi nyepesi. Presha tunayopimwa mkononi ni kama 120 kwa 80, lakini mishipa ya mapafu kwa mtu mzima wa afya wastani wake hauzidi 20. Ni sawa na mtu aliyezoea kuteka kisima kifupi, ukamhamishia kisima kirefu cha huku kwetu, kamba ileile na ndoo ileile, siku za mwanzo atavuta, baadae mikono inaisha. Kwahiyo wa kushoto anasifiwa kwenye ripoti huku wa kulia anakufa taratibu hakuna anayemtazama.

Na ule mlango kubana chanzo chake ni homa ya rumatiki ya utotoni, inayoanzia kwenye maambukizi ya koo, hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15. Koo la mtoto usilimalize kwa maji ya chumvi tu nyumbani, mpeleke zahanati, hili nalisema hata kama hutachanga senti.

Basi akapimwa eko tena. Alilala ubavu wa kushoto, wakampaka ile jeli ya baridi kifuani, na yule daktari akawa anatuonyesha kwenye skrini. Kuna ukingo wa valvu ya upande wa kulia unaoshuka na kupanda kila moyo ukipiga, wanapima umeshuka milimita ngapi, kwenye ripoti wanaandika TAPSE. Ikiwa chini ya milimita 17 wanahesabu chumba kimedhoofika. Ya binti yetu ilikuwa 11. Wakapima na kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye valvu hiyohiyo, maana kutokana na kasi hiyo ndo wanakadiria presha ya mapafu, ikivuka mita 2.8 kwa sekunde wanaanza kuwa na wasiwasi, yake ilifika 4. Mwisho wakamwambia avute hewa kwa pua haraka kama mwenye mafua. Ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka chini ya mwili, kwa mtu mzima wa afya, ukivuta hivyo unasinyaa zaidi ya nusu. Wake ulikuwa mnene, umetuna, haukutikisika. Alivuta mara tatu. Mama yake alikuwa ameshika kanga mdomoni.

Naandika haya yote ili mjue hela yenu itanunua nini. Chumba cha kulia kinasumbua kukipima, umbo lake ni kama mwezi mwandamo, kimejikunja kuzunguka cha kushoto, ukikiangalia kwa pembe moja hukimalizi. Ndo maana anayepima akiwa na haraka anaishia kwenye EF. Na hiyo TAPSE peke yake nayo inaweza kukudanganya, kama valvu inavuja sana chumba kinaonekana kina nguvu kuliko kilivyo, na kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kufungua kifua namba inaweza kushuka wakati chumba kinafanya kazi. Daktari mzuri anakusanya kadhaa, anaangalia chumba kinapungua ukubwa kwa asilimia ngapi kikijikamua, chini ya 35 sio vizuri, anaangalia kasi ya ukuta, presha, ule mshipa mkubwa, alafu anarudi kwa mgonjwa mwenyewe, shingo, maini, miguu. Kamati imeshaongea na watakaotupimia, kila mgonjwa atapimwa bila kukimbizwa na ripoti itataja upande wa kulia kwa maandishi.

Wachache watahitaji kateta, mrija mwembamba unaopita kwenye mshipa mpaka upande wa kulia wa moyo kupima presha moja kwa moja. Nilipoogopa hilo neno daktari alinisimulia kwamba mwaka 1929 Mjerumani mmoja, Werner Forssmann, alijipitishia mrija huo mwenyewe kwenye mshipa wa mkono, akatembea nao mpaka chumba cha eksirei kuthibitisha umefika kwenye moyo, na 1956 akashiriki Tuzo ya Nobel. Sijui kama ilinituliza, ila nilisaini.

Binti alianzishiwa dawa za kukojoa, kwenye wiki mbili akashuka kutoka kilo 58 hadi 49, yote hiyo ilikuwa maji, tukauona uso wake tena. Alafu rufaa ya Dar, wakaupanua ule mlango kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa pajani, bila kufungua kifua. Aliporudi kupimwa baada ya miezi kadhaa presha ya mapafu ilikuwa imeshuka na TAPSE imepanda mpaka 16. Bado sio 17, bado anachoma penisilini kila baada ya wiki 4 ili homa isirudi kuuumiza moyo tena, na bado lazima arudiwe kupimwa. Ila Pasaka iliyopita aliimba amesimama ibada nzima.

Daktari alisema wazi, angekaa miezi mingine upande wa kulia ungechoka kiasi kwamba hata mlango ukifunguliwa nguvu ingekuwa ngumu kurudi. Na hapa ndipo walipo wengine kati ya hawa 14. Sio wote wa valvu. Kuna mama mtu mzima aliyepikia kuni maisha yake yote ndani ya nyumba ya tembe isiyo na dirisha, mapafu yamechoka na moyo wa kulia umefuata. Kuna kijana wa selimundu. Kuna wazee wawili wa presha ya miaka mingi, kwao moyo wa kushoto ndo ulianza kushindwa na sasa miguu inavimba, na hiyo ndo njia ya kawaida kuliko zote, wa kushoto akichoka mzigo unamrudia wa kulia. Na kuna binti ana mchumba, ndoa inakaribia, hajawahi kupimwa presha ya mapafu hata siku moja, na mimba juu ya presha kubwa ya mapafu inaweza kumuua. Huyo ndo ananinyima usingizi.

Hesabu ni hii. Kila mgonjwa tumeweka eko mbili kwa 160,000, nauli na chakula chake na cha anayemsindikiza 60,000 kwa safari zote mbili, na mizani ya nyumbani 35,000. Inakuja 255,000 kwa mtu, mara 14 ni 3,570,000. Zinazobaki 930,000 ni za wagonjwa wawili ambao tayari wana rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, treni ya kwenda na kurudi, malazi na kula. Tunashukuru treni ya SGR tangu 2024 imefupisha safari, zamani mtu aliyejaa maji ukimkalisha kwenye basi kutwa nzima anafika miguu kama magogo.

Mizani baadhi walisema ni anasa. Hapana jamani. Mgonjwa anapanda kila asubuhi akishatoka kukojoa na kabla hajala, anaandika kwenye daftari, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji hayo, anampigia nesi wetu siku hiyohiyo hangoji kanga ishindwe kufunga. Binti wetu ameokolewa na mizani mara mbili tangu arudi. Na mama zangu mnaowapikia wagonjwa, mlenda wenye magadi tuuache kwa hawa, magadi ni sodiamu kama chumvi, yanavuta maji mwilini vilevile. Najua mlenda bila magadi haulainiki vizuri, mimi mwenyewe ni Mgogo, ila pika sufuria mbili.

Hela haiendi mkononi mwa mtu. Vipimo vinalipwa moja kwa moja hospitali kwa namba ya malipo, risiti zinabandikwa ubao wa matangazo kila Jumapili, bila majina ya wagonjwa. Mwaka ule mchango mwingine ulipotea njiani watu waliumia na bado wanakumbuka, mna haki ya kuuliza, mje muulize.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu baada ya ibada ya pili, hapohapo uwanja wa kanisa. Kutakuwa na mnada, usiye na fedha leta kuku, karanga, zabibu, debe la uwele, hata kuni, mwaka jana kreti moja ya zabibu iliuzwa mara nne kwasababu kila aliyenunua aliirudisha mezani. Aliyeko mbali anaweza kutuma kwa simu, namba anayo mhazini na wajumbe wa nyumba kumi wamepewa. Ukituma lazima litokee jina la usharika. Likitokea jina la mtu, usithibitishe, tupigie kwanza.