Salamu za Pasaka kwa Wenye Kaburi Jipya

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Ndugu wapendwa, salamu hizi ni za kila nyumba, ila mwaka huu tunazielekeza hasa kwa waliozika tangu Pasaka iliyopita, na kwa wale watakaokwenda kuwapa pole. Sikukuu huwa nzito kwa mfiwa. Wenzake wanaimba aleluya, yeye koo limemkauka. Kama hali yako ndiyo hiyo, usidhani imani imekupungua. Wanawake waliodamka alfajiri ile ya Jumapili walikuwa wanakwenda kupaka maiti manukato, hawakuwa wanakwenda kusherehekea. Nikodemo naye alikuwa amekwisha kuleta mchanganyiko wa manemane na udi yapata ratili mia, yaani karibu kilo 33 kwa vipimo vya leo, manukato ya kumtosha mfalme. Watu hao walikuwa wanamaliza mazishi. Hakuna aliyetegemea kumwona tena.

Tunaomba msomaji atulie kidogo mbele ya yale yaliyoonekana kaburini, kwa sababu tumaini letu juu ya wafu limesimama hapo. Yohana anaeleza kwamba vitambaa vya sanda vilikuwa vimelala, na ile leso ya kichwani haikuwa pamoja navyo, ilikuwa imekunjwa mahali pake peke yake. Jioni hiyo hiyo, kwa habari ya Luka, Yesu aliwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Makovu ya misumari yalikuwa bado yapo. Mwili uliozikwa ndio uliofufuka, ila sasa haufi tena.

Hapa ndipo mahubiri mengi ya mazishi yanapokatika njiani. Mfiwa huambiwa kwamba roho ya marehemu imekwenda kwa Mungu, basi, habari imeishia hapo, kana kwamba mwili ulikuwa ganda la kutupwa. Kanuni ya Imani ya Nikea, iliyotungwa mwaka 325 na kupanuliwa Konstantinopoli mwaka 381, inakwenda mbele zaidi: tunangojea ufufuko wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Ufunuo 21 nao unauonyesha mji mtakatifu ukishuka, Mungu akija kukaa na watu wake katika nchi mpya. Ndiyo maana Wakristo huuosha mwili wa marehemu, huuvika, huusindikiza kwa nyimbo na kuulaza kwa heshima. Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji wa maiti mwaka 1963, lakini maelekezo yake ya mwaka 2016 yanataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe wala kugawanywa kwa ndugu. Waorthodoksi wameshikilia kuzika.

Paulo anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Kwa sheria ya Walawi 23, mganda wa kwanza wa mavuno uliletwa kwa kuhani na kutikiswa mbele za Bwana siku iliyofuata Sabato. Mganda ule ulikuwa sehemu ya shamba lile lile: ukishafika hekaluni, mavuno yaliyobaki yanajulikana yatakuwa ya namna gani. Na Yesu alifufuka siku iliyofuata Sabato. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Mama yangu atakuwaje siku ile?" jibu la Paulo ni kwamba tumtazame yule aliyetangulia. Kisha anaongeza habari ya mbegu: hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu.

Je, leo marehemu yuko wapi? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na Wakristo hawalijibu kwa namna moja. Wengi, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti, wanashika kwamba roho ya aliyekufa katika Kristo iko pamoja naye tangu sasa, huku ikiungojea mwili. Wanaegemea neno aliloambiwa mhalifu msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," na hamu ya Paulo ya kwenda zake akae na Kristo. Waadventista wa Sabato hufundisha kwamba mtu akifa hulala asijue neno lolote mpaka ufufuo, wakiegemea Mhubiri 9:5 na maneno ya Yesu kwamba Lazaro amelala. Si swali la wazembe. Papa Yohane wa 22 alianza mwaka 1331 kuhubiri kwamba watakatifu hawatamwona Mungu uso kwa uso kabla ya hukumu ya mwisho. Alipingwa vikali, akaikana kauli hiyo mwaka 1334 akiwa karibu kufa. Mrithi wake, Benedikto wa 12, alitoa tamko mwaka 1336 kwamba roho zilizokwisha kutakaswa zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Pande zote hizi zinakutana mahali pamoja: hakuna inayosema kwamba safari ya marehemu imekwisha. Hata roho za mashahidi walio chini ya madhabahu, katika Ufunuo 6, bado zinalia, "Hata lini?"

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kuwaombea wafu. Wakatoliki huwaombea walio toharani, yaani wanaotakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, wakikumbuka jinsi Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, alivyochanga drakma 2,000 za fedha kwa sadaka ya askari waliouawa. Waorthodoksi huwaombea pia, hasa siku ya 3, ya 9 na ya 40, bila kulikubali fundisho la toharani kama Roma inavyolieleza. Waprotestanti walio wengi hawana kitabu hicho cha Wamakabayo katika Biblia yao. Humshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, na maombi yao huyaelekeza kwa waliobaki. Basi ukienda kwenye msiba wa dhehebu lisilo lako, muulize mwenye nyumba kabla hujaanza kuomba. Ukikosa wa kumuuliza, soma Zaburi 23, Yohana 11:17-27, au 1 Wathesalonike 4:13-18. Masomo haya hayatamkwaza mtu.

Tukija kwa mgonjwa aliye ukingoni, kosa linalojirudia ni kuchelewa. Familia huogopa kumwita padre au mchungaji kwa kuhofia kwamba mgonjwa atajua anakufa, na mara nyingi yeye alijua kabla yao. Kwa Wakatoliki utaratibu ni Kitubio kwanza, kisha Mpako wa Wagonjwa kwenye paji la uso na mikono, mwisho Komunyo ya safari. Kitubio kinahitaji mgonjwa anayeweza kujieleza, hata kwa ishara, na Komunyo inahitaji anayeweza kumeza. Asiyeweza kumeza mkate anaweza kupewa Damu ya Kristo kwa umbo la divai, hata tone. Aliyekwisha kufa hapakwi mafuta, huombewa. Ila kama kuna shaka iwapo amekata roho, padre humpaka. Kwa hiyo ita mapema, angali na fahamu. Makanisa mengine nayo yana sala, mafuta au Meza ya Bwana kitandani, na kuchelewa huyanyima nafasi vilevile. Ukibaki peke yako na mgonjwa, msomee mistari mifupi, taratibu, ukitaja jina lake.

Na maneno ya pole? Tunaomba "Mungu alimpenda zaidi" iachwe. Humwacha mfiwa akijiuliza kama upendo wake mwenyewe ndio uliopungua, na humfanya Mungu mnyang'anyi. Maandiko huyaita mauti adui wa mwisho. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni neno la Ayubu juu ya msiba wake mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni. Rafiki zake walifanya vema zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno, wakaharibu walipoanza kueleza sababu. "Usilie" nayo haifai, maana Yesu alilia machozi penye kaburi la Lazaro ilhali alijua atamfufua muda si mrefu. Wala tusimpe marehemu hukumu, ya mbinguni au ya motoni. Kiti hicho kina mwenyewe. Sema, "Pole, niko hapa." Kisha kaa.

Mkiwa na msiba siku hizi, mjue kwamba Misa ya mazishi haifanyiki kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka. Kuzika kwa masomo na sala kunaruhusiwa, na Misa ya kumwombea marehemu hufuata baadaye. Aliyezikwa Ijumaa Kuu hakunyimwa kitu.

Mshumaa uliowashwa kwenye Mkesha, wenye msalaba, Alfa na Omega, tarakimu nne za mwaka na punje tano za ubani, utakaa karibu na madhabahu hadi Pentekoste. Baada ya hapo huwekwa penye kisima cha ubatizo, na jeneza likiingia kanisani husimamishwa kando yake. Pasaka ina siku 50, kama zile zilizohesabiwa tangu mganda wa kwanza. Wafiwa wengi hutembelewa wiki ya kwanza tu, kisha nyumba inanyamaza. Salamu hii, basi, wapelekeeni hata wiki ya tano, kwa miguu ikiwezekana. Heri ya Pasaka.