Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Umeme Upo, Tuziangalie Nyaya

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mhazini ameziandika vizuri, sitazirudia. Namshukuru yeye na katibu, kisha niingie kwenye jambo ambalo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Kwa miaka mingi kilio chetu mafundi umeme wa Dar es Salaam kilikuwa mgao. Sasa Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na umeme wake unasafiri kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Treni ya SGR, reli ya kisasa, tayari inakwenda Dodoma kwa umeme. Maana yake kazi ya mkaa na dizeli inahamia kwenye waya, na tusipopita njia hiyo hatutafika siku ambayo hewa ukaa tunayoitoa haizidi ile inayofyonzwa. Je, waya wenyewe uko tayari?

Mwezi wa Ramadhani niliitwa na mama lishe mmoja Mbagala. Jiko lake jipya la presha la umeme "limekufa". Nilifika saa 12 jioni, nikapima soketi: volti 171, chini mno kwa jiko kufanya kazi. Jiko lilikuwa zima. Nikatoka nje nikaifuata laini kwa macho: yeye yuko nguzo ya mwisho kutoka kwenye transfoma, waya mwembamba, na nyumba mpya zimeungwa njia nzima. Saa 5 usiku, matumizi ya mtaa yalipopungua, akanipigia, "Fundi, sasa linapika." Lakini futari alishaiivisha kwa mkaa. Umeme ulitoka Rufiji salama, ukaishia nguvu mita chache kabla ya sufuria yake.

Hesabu mnaijua: mkondo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopotea kwenye waya kwa joto inaongezeka mara nne. Transfoma ikizidiwa, umeme safi unachemsha nyaya badala ya maharage. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya transfoma ya mtaani au kusawazisha fezi (kugawa mzigo sawasawa kwenye nyaya za laini), nami naamini kazi hiyo inastahili heshima ileile ya bwawa.

Nasi tuna sehemu yetu. Wapo wenzetu wanaofunga soketi ya jiko kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, au kusokota viungo kwa mkono na kuzungushia tepu. Mteja akilia bei, tumweleze kwa upole, lakini tusikubali.

Kamati imeamua hivi: kila anayeitwa kazini jioni apime volti kwenye meinswichi, aandike mtaa, saa na transfoma inayohudumia eneo hilo. Baada ya miezi 3 tutavikusanya vipimo hivyo na kuvipeleka kwa wahusika wa umeme wa kila wilaya, tukae nao mezani. Madaftari ya kuandikia yapo kwa katibu. Asiye na mita ya kupimia aazime ya chama, asaini, airudishe kesho yake asubuhi.